Redio ya Motokari ya Baba

Baba alipofariki, motokari yake ya Kifaransa, rangi ya maziwa, ilibaki kwangu. Aliinunua akiwa kijana, akifanya kazi kwenye kiwanda cha shaba cha Shituru, na inanizidi umri. Nilikuwa nimeifufua injini na kushonesha viti upya. Kilichobaki kikinikera ni tundu katikati ya dashibodi, mahali ilipokuwa redio.

Fundi mmoja sokoni alitaka kulipanua tundu hilo kwa msumeno ili aingize redio ya kisasa yenye taa za bluu. Mama, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele, akamshika mkono. Redio yetu, alisema, ilikuwa nyembamba, na vifungo viwili vya kuzungusha na meno meupe ya kubonyeza katikati. Chuma kile hakitakatwa yeye akiwa hai.

Basi tukaanza kutafuta. Nilionyeshwa redio za malori, za mabasi, hata moja iliyong'olewa kwenye trekta, na zote zilikataa kuingia. Nilikuwa karibu kukata tamaa pale mwanamke mmoja muuza vipuri aliposema anamjua mjane huko Mulungwishi, aliyekuwa mke wa mwalimu, mwenye motokari kama yetu nyuma ya nyumba. Haitembei tena, alisema. Kuku wanatagia ndani. Sikungoja kesho. Mama alijifunga kitambaa kichwani, tukaondoka.

Yule mjane alitupokea nje. Kabla hata hatujamaliza salamu, alikuwa akiizunguka motokari yetu, akiipapasa kama ng'ombe wa mahari. Nilipomweleza haja yetu, alitupeleka nyuma ya nyumba. Kuku mmoja aliruka dirishani. Niliingiza mkono, nikafuta mavi na vumbi kwenye dashibodi, na vidole vyangu vikagusa kifungo, kisha kingine, na katikati yake meno.

Mama alichungulia begani kwangu.

"Hii njo yenyewe," akasema.

Nilimwomba mjane ataje bei.

"Minye sitaki makuta," alijibu. "Mujukulu yangu iko naolewa mwezi hii. Motokari yenu njo itamupeleka ku kanisa."

Mama alikubali kabla sijafungua kinywa.

Niliifungua redio palepale. Skrubu zilikuwa na kutu, zikanichubua vidole, sikujali. Panya walikuwa wametafuna spika, lakini mimi nilikuwa nimebeba nyingine kutoka nyumbani. Nikaunganisha nyaya kwenye betri yetu, nikazungusha kifungo. Kimya. Nikazungusha tena. Mjane akauliza kwa upole kama redio inaweza kusikia bila waya wake wa juu. Nilicheka kwa aibu, nikafunga kipande cha waya, naye akakining'iniza kwenye kamba ya nguo.

Kwanza ulikuja mkwaruzo, kama mafuta ya kukaangia. Halafu, jua likishuka, ikatoka sauti ya mwanamume akisema Kibemba, bila shaka kutoka ng'ambo ya mpaka, Zambia. Mama alizaliwa na watu wa lugha hiyo. Alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka.

"Anasema nini?" niliuliza.

"Anafundisha watu kupanda mahindi," alisema, huku akimwitikia yule mtu redioni kana kwamba wameketi pamoja.

Siku ya arusi niliwaendesha. Bibi arusi na bibi yake, yule mjane, walikaa nyuma, mama mbele, redio ikiwa imekaa kwenye tundu lake bila kukatwa hata kidogo. Tulipokaribia kanisa tulinasa kwaya redioni, ikififia na kurudi. Bibi arusi aliinama mbele, gauni lote likimfuata, akaongeza sauti kwa mkono wake mwenyewe. Wote watatu wakaanza kuimba. Tulifika tumechelewa, kwa sababu mama aliniamuru nilizunguke kanisa kwanza hadi wimbo uishe.