Vaeni au Vueni

Wilaya nzima ilimjua kwa sauti. Wapo walimu waliofanya kazi chini ya ofisi yake miaka na miaka bila kumwona sura, lakini akiwaamkia sokoni kutoka nyuma waligeuka na kusimama wima. Walimwita Mama Kipaza, naye jina hilo alilipenda kuliko alivyokubali kusema. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza mpaka mvi zikaanza kumchungulia, ndipo akahamishiwa ofisi ya elimu ya wilaya kushughulikia matangazo. Alihama na sauti yake ya darasani, ile inayokata kila irabu ikasikika hadi dawati la mwisho. Mumewe, fundi saa mwenye maneno ya kuhesabika, alisema katika ndoa yao hajawahi kukosa neno lake hata moja, hata yale ambayo angefurahi yampite.

Kisha ugonjwa ukaingia, ukaja na barakoa, na barakoa zikaja na kanuni. Hizo kanuni ndizo zilizomtoa kila mtu jasho. Kwanza watu wote wavae, ndani na nje, hata watoto wakikimbizana uwanjani. Watoto walipoanza kuhema kama waliobeba magunia, ikaja nyingine: uwanjani wapumzike, darasani wavae. Haijazoeleka, ikatoka ya kusema walimu wavae na wadogo waachwe, halafu wadogo nao wakarudishwa. Waraka ulichapwa, ukasainiwa, ukapigwa mhuri, ukasambazwa, na ulipofika shule ya mwisho kanuni yenyewe ilikuwa imeshabadilika. Walimu wakuu walilalamika kwamba wanamwadhibu mtoto leo kwa jambo ambalo kesho ni sheria. Wala hawakutia chumvi.

Aliyepata dawa ni Mama Kipaza. Alimwambia bosi wake, afisa elimu wa wilaya, kwamba kanuni ikibadilika yeye ataitangaza papo hapo kwa mdomo, kwenye kundi la simu la walimu wakuu wote, na waraka uje nyuma kwa mwendo wake wa kinyonga. Afisa elimu alikuwa mtu wa kupenda mambo yaende bila kumgusa, akakubali hata kabla mama huyo hajamaliza kueleza. Mpango ukashika. Sauti iliingia asubuhi, na kabla ya kengele ya mapumziko shule zote zilikuwa zimefuata. Hakuna aliyeuliza swali, na hilo ndilo lililomvimbisha kichwa. Nyumbani alijipiga kifua mbele ya mumewe: yeye akishasema, habishi mtu.

Sasa tuje kwenye shule ya bondeni. Ilikuwa pua na mdomo na ofisi ya wilaya, hata kengele yake ilisikika dirishani. Mwalimu mkuu wake alikuwa bado kijana kwa cheo kile, mrefu, mpole, na alizoea kukunja mikono nyuma akisikiliza. Mama Kipaza alikuwa amemfundisha darasa la kwanza, akamshika mkono kumwandikisha herufi ya kwanza maishani mwake. Mpaka leo, simu ya mwalimu wake ikiita, alisimama kwanza ndipo akapokea. Walimu wenzake walimtania hadi wakachoka.

Ugonjwa ulipopoa, wilaya iliamua barakoa iwe hiari katika shule zote, isipokuwa hiyo ya bondeni, ambako kikohozi kilikuwa kimeshika madarasa mawili. Mama Kipaza akachukua simu arekodi. Kanuni ya ofisini ilikuwa kuvaa, naye hakuwa mtu wa kuhubiri asichokifanya, kwa hiyo alirekodi na barakoa yake usoni, ile nene ya kitambaa, imembana kama kifuniko cha chungu. Alitangaza hiari kwa wote. Kisha akaongeza: "Lakini shule ya bondeni, nyinyi vaeni, watoto na walimu, bila kubagua, mpaka mtakaposikia kutoka kwangu."

Hivyo ndivyo alivyokusudia. Kilichotua bondeni ni "vueni". Lugha yetu ni tamu, sikatai, lakini hapo ilitutegea shimo: kati ya kuvaa na kuvua pana herufi moja tu, na kitambaa kinene kiliitafuna.

Mwalimu mkuu aliiweka simu mezani, akakunja mikono nyuma, akasikiliza upya, kisha tena. Alishangaa. Yaani shule yenye kikohozi ndiyo ivue, tena bila kubagua? Akajipa majibu mwenyewe, kwamba labda madaktari wamegundua vitambaa vilivyolowa mate ya watoto ndivyo vinavyoleta balaa. Kidole chake kilifika kwenye namba ya Mama Kipaza, kikasita, kikarudi. Akatoka uwanjani akatangaza. Watoto walishangilia, barakoa zikarushwa hewani, nyingine zikanasa kwenye paa la vyoo.

Siku hazikuwa nyingi kikohozi kikatambaa shule nzima. Mwalimu wa darasa la saba, mama mwenye wajukuu, akalazwa akisaidiwa kupumua kwa mashine. Waraka ulipowasili hatimaye na mhuri wake, uliandikwa barakoa "zivaliwe", na wazazi walikuwa tayari getini wakifoka. Shule ikafungwa.

Bodi ya elimu ilikutana palepale bondeni, kwenye darasa lenye madirisha wazi, watu wazima wamejibana katika madawati ya watoto, magoti yakigota mbao. Ajenda ilikuwa moja: mwalimu mkuu avuliwe cheo kwa kukaidi agizo. Mzazi mmoja akasema kwa kuwa bwana huyu anapenda sana kuvua, naye aonje kuvuliwa. Watu walicheka, ila kicheko hakikuwa na furaha.

Mama Kipaza alikuwa amekuja amefura. Alichokisema alikijua, na ilimkera kwamba aliyemwangusha ni mwanafunzi wake mwenyewe. Afisa elimu akasoma waraka kwa sauti, akadai tangazo la simu nalo lilisema hivyohivyo, kisha akamtaka mwalimu mkuu ajieleze. Kijana alimtazama Mama Kipaza kidogo, halafu akatazama sakafu.

"Huenda nilisikia vibaya," alisema. "Kosa ni la masikio yangu."

Wengi waliona yameisha. Mama Kipaza hakuona hivyo. Alitaka tangazo lipigwe mbele ya wote, ili pasiwe na mtu wa kusema baadaye kwamba halikueleweka. Simu ikaunganishwa na spika. Lilipopigwa, nusu ya darasa wakaapa wamesikia vaeni na nusu wakaapa ni vueni, na mzee mmoja wa bodi akauliza kama si samaki waliokuwa wanazungumziwa. Likapigwa tena. Safari hii Mama Kipaza aliinamisha kichwa na kusikiliza kama alivyokuwa akimsikiliza mtoto anayesoma. Hapo mwalimu hasikilizi mtoto alitaka kusema nini. Anasikiliza kilichotoka.

Kilichotoka kilikuwa "vueni".

Afisa elimu, aliyekuwa kando ya Mama Kipaza, alimnong'oneza akae kimya, waraka unawalinda wote wawili, na kijana mwenyewe ameshakiri. Ilikuwa kweli, angeweza kunyamaza. Akamtazama kijana, na hapo ndipo akaelewa. Huyu alisikia vizuri kabisa. Alikuwa radhi kupoteza kazi yake kuliko kusema mbele za watu kwamba mwalimu wake ametamka ovyo. Mama Kipaza aliona aibu na akamwonea huruma kwa pamoja. Akasimama.

"Zimeni simu," alisema. "Maisha yangu yote nimefundisha watoto kutofautisha a na u, na hiyo hapo ni u. Huyu amefanya nilichomwambia. Aliyekosea ni mimi. Kama kuna cheo cha kuvua leo, vueni changu."

Safari hii kila mtu alisikia neno lilelile. Bodi ilivutana sana. Mwishowe mwalimu mkuu akabaki na shule yake, na Mama Kipaza akapewa barua ya onyo, aliyoipokea kwa mikono miwili. Wakaamua pia kwamba maneno vaa na vua yasitumike tena katika matangazo ya wilaya. Kuanzia hapo ingekuwa "pua ndani" au "pua nje", na mtangazaji arekodi akiwa nje, peke yake, barakoa ikiwa kidevuni.

Mama Kipaza hakusubiri kesho. Alikwenda hospitali, na kwa kuwa wageni hawakuruhusiwa wodini, alisimama nje ya dirisha akamwomba radhi mwalimu wa darasa la saba kwa simu. Mgonjwa, ambaye sasa alipumua bila mashine, alimjibu kwa sauti iliyokwaruza kwamba amesamehe, ila darasa lake lisipewe mwalimu mvivu. Mwalimu mkuu alikuwa amemsindikiza. Walipokuwa wakitoka Mama Kipaza alimuuliza.

"Ulisikia vizuri, siyo?"

"Nilisikia, mwalimu."

"Na ulishangaa?"

"Nilishangaa sana."

"Sasa mbona hukunipigia?"

Kijana akafikiri. "Nani angekupigia wewe, mwalimu?"

Hakulisema kwa lawama, na ndiyo maana lilimchoma. Miaka yote alijisifu kuwa hakuna anayembishia. Kumbe walikuwa wanamwogopa, na mama wa watu nusura afe kwa woga huo. Alimwambia kijana palepale kwamba amemfundisha kusoma na kuandika lakini hakumfundisha kumbishia mwalimu, na kwamba somo hilo wataanza nalo kwenye tangazo lijalo.

Tangazo likaja shule ilipofunguliwa. Alitoka nyuma ya ofisi, akashusha barakoa, akatamka kwa sauti iliyowafanya makarani wachungulie: shule ya bondeni, pua ndani. Hata mwenye nta masikioni angeelewa. Hajafika mezani, simu ikaita.

"Shikamoo, mwalimu. Samahani. Umesema ndani au nje?"

Alijua kijana amesikia. Alijua pia amesimama, na kwamba hii ndiyo simu ngumu kuliko zote alizowahi kupiga.

"Marahaba. Ndani."

Kisha, kwa sauti iliyotetemeka: "Una uhakika?"

Mama Kipaza alikuwa na uhakika tangu kuzaliwa.

"Ngoja," alisema. "Usikate. Nisikilize kwanza nilichotuma."