Mjomba Niliyemfuta

Asubuhi ile nilitoka kwenda kazini, nikafika mlango wa ofisi, nikaupita. Sikuwa nimepanga. Miguu yangu ina tabia hiyo tangu utoto. Ndiyo iliyonitoa shule darasa la sita, ikanipitisha kwenye utingo wa malori, ulinzi wa ghala na uuzaji wa mitumba, hadi ikanitupa Morogoro. Safari hii angalau ilikuwa na sababu: juu mlimani kulikuwa na mzee niliyemgombanisha na shemeji yake. La kumwambia ningelipata njiani.

Nilikuwa mhariri msanifu, cheo kirefu kuliko masomo yangu. Miaka ile ya ruksa kila mwenye mtaji kidogo alifungua kitu, na muuza vipuri vya baiskeli mmoja akafungua gazeti la kila wiki katika chumba cha nyuma cha duka lake. Mimi nilikuwa msomaji msumbufu. Kila toleo nilikwenda dukani kuuliza: huyu aliyesema haya ni nani? Ng'ombe huyu alifikaje Mikese kabla ya mwizi wake? Mwenye gazeti alichoka, akanipa kalamu nyekundu nikaulizie ndani.

Nikageuka mfyekaji. Niliamini hakuna maandishi yasiyoweza kupunguzwa theluthi yakabaki na afya. Mpiga chapa wetu aliniomba nimsaidie barua ya posa. Niliipunguza ikabaki mistari minne. Alikataliwa.

Kisha likaja tangazo la arobaini ya kijana mmoja. Lilitaja nusu ya Uluguru. Nilibakiza baba mzazi wa Bigwa, na neno kwamba shughuli ni nyumbani. Nilifuta shangazi, mabinamu, na mjomba mmoja pamoja na kijiji chake. Nikajipongeza kwa chai.

Siku ya arobaini, watu wa mjini walikwenda Bigwa wakakuta kufuli. Baba mwenyewe alikuwa amepanda mlimani kwa mjomba, kama ilivyo kwa Waluguru, ambao kwao mtoto ni wa ukoo wa mama na mjomba ndiye mwenye msiba. Huko juu masufuria yalipoa. Mdogo wa marehemu, aliyetuletea tangazo, alikuja ofisini na gazeti mkononi.

"Mjomba anasema mume wa dada yake amekuhonga umfute," aliniambia. "Baba anaapa hakukuhonga. Hawasemeshani. Mama yuko katikati, analia mara mbili."

Siku hizi silifuti jina kabla sijauliza mwenye nalo ni nani kwa marehemu. Vijana ofisini husema matangazo yanayopita kwangu ni marefu kama treni ya mizigo.

Basi asubuhi ile, kutoka Bigwa nilipanda njia ya miguu. Katikati nilikutana na mama aliyejitwisha tenga la njegere akiteremka. Nilimwuliza njia ya kwa mzee wa arobaini.

"Ile iliyokosa watu?"

"Hiyo hiyo, mama."

"Tulikula ubwabwa siku tatu. Mwandishi wake sijui alihongwa shilingi ngapi, mwanaharamu yule." Alinitazama viatu. "Wewe ni nani wao?"

"Mgeni tu," nikasema, nikaongeza mwendo.

Mchana nilimkuta mzee kibarazani akipukuchua mahindi. Nilimpa shikamoo, nikasema mimi ndiye. Hakuacha kupukuchua.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, mzee. Ni ujinga wangu."

"Msomi hawi mjinga kiasi hicho."

"Mimi si msomi. Niliacha darasa la sita."

"Na wakakupa gazeti?"

"Walinipa kalamu."

Sijawahi kujitetea kwa bidii kama siku ile, na utetezi wenyewe ulikuwa kuthibitisha kwamba sijui kitu. Nilimweleza hata ile posa.

"Kwenu mjomba ni nani?" akauliza.

"Kwetu mtoto ni wa baba. Mjomba ni mtu wa kutaniana naye. Akiwa na mbuzi, unamwomba mbuzi."

Mkewe alicheka huko jikoni. Mzee aliweka gunzi chini.

"Huyu hakuhongwa," akamwambia mkewe. "Huyu ndivyo alivyo."

Nikainuka kuaga, nikidhani yamekwisha.

"Unakwenda wapi? Nikiamini mimi, ukoo haujaamini. Keshokutwa wanakaa hapa, na shemeji nitamtumia mtu aje. Utasimama useme mbele yake kama ulivyosema kwangu."

"Ofisini hawajui niliko, mzee."

"Watajua ukirudi."

Mkewe alinionyesha chumba chenye magunia ya maharage na kitanda cha kamba, akaniletea shuka na maji ya kunawa. Nilikaa kitandani, nikaanza kujizoeza kwa sauti ya chini namna ya kuwaambia watu wazima ishirini kwamba sikujua.