Kisigino cha Mzee Osman

Mzee Osman aliwashonea watu nguo mjini Kitale kwa miaka arobaini, mpaka kisukari kikamtia ganzi miguuni. Adhuhuri moja, akitawadha msikitini, aliona maji yanageuka mekundu. Msumari ulikuwa umetoboa ndara yake na kumchoma kisiginoni, naye hakuwa amehisi chochote.

Nesi alimkataza kukanyagia mguu huo kwa wiki nane. Alikaa kitandani akisikia adhana, huku mkewe Sharifo akimsafisha kidonda kila siku.

Kidonda kilipofunga, Sharifo alimletea viatu vipya vilivyofunika mguu wote.

“Baba Mulki, twende basi msikitini,” alimwambia mumewe.

“Na nikikanyaga kitu tena, nitajuaje?”

Sharifo alipapasa ndani ya viatu, akamvisha. Osman alifika mlangoni, akaitazama changarawe ya nje, kisha akarudi kukaa.