Ndizi za Darini kwa Mama

Kazi yangu ni kuhangaika na joto la ziada. Katika maabara moja ughaibuni tuna tokamaki, mtambo unaobana gesi kwa sumaku hadi iwe moto kuliko jua. Kinachotutesa ni sehemu ya chini, daiveta, ambako joto na mabaki hutolewa nje. Joto likigonga mahali pamoja, hata chuma kigumu huyeyuka. Kwa hiyo tunapuliza gesi nyingine kidogo ili litawanyike kabla halijafika, kila upande upate kidogo. Nimelieleza hilo kwenye mikutano mingi, na kila mara nilijiona mtu.

Mwaka juzi nilirudi likizo kijijini kwetu Kilema, nikamkuta mama akikohoa juu ya mafiga. Sikuuliza mtu, msomi haulizi. Nilishuka mjini Himo kununua bati, nikaleta fundi, tukajenga jiko lenye dohani. Hesabu nilipiga mwenyewe. Moshi wote na joto lote vikapita juu ya paa, jikoni kukawa na ubaridi kama kanisani. Nilipiga picha nikawatumia wenzangu.

"Umeona, mama?"

"Nimeona, mwanangu. Macho hayaniwashi tena."

Akatazama darini.

Darini kulikuwa na mikungu ya ndizi za mbege, pombe yetu ya ndizi. Mdogo wangu wa kiume alikuwa anakwenda kuposa, na kwetu pombe ya posa huipika mama wa kijana, hainunuliwi kilabuni. Ndizi hizo huivishwa na joto la mafiga linalopanda na kutawanyika huko juu. Nimekulia chini ya dari ile. Utotoni ni mimi niliyepandishwa kuzibonyeza kuona kama zimelainika, binti wa pekee, mwepesi. Sina pa kujifichia, nilijua, nikasahau.

Wiki moja baadaye, siku ya kuzimenya, zilikuwa kijani na ngumu kama kuni. Baba mdogo, msemaji wa ukoo, aliuliza mbele ya watu wote, "Shemeji, sasa tutakwenda ukweni na nini?"

"Nilichelewa kuzikata," mama alisema. "Kosa ni langu."

Nilikuwa nimekaa ubavuni pake. Maneno yote nilikuwa nayo, nikatazama viatu vyangu. Mbege ikanunuliwa. Ukweni waliionja, wakatabasamu, wakauliza kwa upole kama mama wa kijana anaumwa. Mama akasema ndiyo, kidogo. Nikaona aibu, nikainamia kata yangu ya mbege.

Mwaka huu nimerudi tena. Nilikuta jikoni moshi umejaa kama zamani, dohani yangu imezibwa kwa kitenge kuukuu. Mama aliniwahi kabla sijauliza.

"Ni panya, mwanangu. Walikuwa wanashukia humo."

Juu yetu ndizi zilinukia, zimeiva. Hapo ndipo nilipopaswa kusema.

"Panya ni wasumbufu kweli, mama," nikasema.

Akakohoa, akanimiminia chai.