Rakaa ya Nne

Siraje hakuwa mtu wa kunyamaza. Waliomzika wanalijua hilo, na hata siku ya mazishi, watu walipokuwa wakirudi kutoka makaburini, walijikuta wakitabasamu kwa kukumbuka jinsi alivyomsahihisha kila mtu. Muuza nyama aliyekata vipande vibaya alisahihishwa. Sheikh aliyetangaza tarehe isiyo sahihi alisahihishwa. Hata askari wa barabarani aliyemsimamisha kwa kosa ambalo halikuwepo alielezwa sheria mpaka akachoka, akamwambia aende zake. Labda ndiyo sababu siku moja aliyonyamaza ilimkaa moyoni kuliko maneno yote aliyowahi kuyasema.

Alikuwa dereva wa lori. Baba yake, Mnubi wa Bombo, aliihamishia familia Makindye alipopata kazi ya udereva katika kambi ya jeshi, na Siraje akajifunza magari kwa kukaa chini yake kabla hajakaa ndani yake. Alikuwa na mkono mzuri. Lakini mdomo ule ule ulimfukuzisha kazi. Tajiri wake wa zamani, muuza saruji, aliwaambia wateja mbele ya watu kwamba mifuko imeingia asubuhi hiyo. Siraje, aliyekuwa amesimama hapo na turubai mkononi, akasema, "Hapana, bosi, hii ni ya wiki iliyopita. Si umesahau, ndiyo ile iliyonyeshewa." Alisema kwa wema kabisa. Jua halijatua, ufunguo wa lori ulikuwa kwa mtu mwingine.

Baada ya hapo alikaa nyumbani muda mrefu. Mkewe, Safinah, alikaanga chapati mlangoni tangu alfajiri, na Siraje akawa mtu wa kumpelekea mkaa. Wateja walimwita "fundi wa moto". Alicheka nao, kisha akaingia ndani akakaa.

Ndipo akasikia kwamba Hajji Yasiin wa soko la Kikuubo, muuza sabuni na sukari kwa jumla, anatafuta dereva. Asubuhi ya kwenda, Safinah alimnyooshea kola ya shati akasema, "Baba Sumayiya, leo nakuomba kitu kimoja. Akisema Luzira iko Masaka, wewe sema ndiyo, Hajji."

"Nitasema kuna foleni kubwa huko Masaka."

"Sitanii mimi."

"Nimesikia," akasema Siraje. Na kweli alikuwa amesikia.

Hajji Yasiin alikuwa mzee mpole, mwenye sauti ndogo, aliyefiwa na mkewe miezi michache nyuma. Alimpeleka Siraje nyuma ya duka, akamwacha aendeshe lori kwa kinyumenyume katikati ya wachukuzi, mikokoteni na wanawake wenye mabeseni vichwani, mahali ambapo hata mtu anayetembea kwa miguu hupita kwa kuomba ruhusa. Siraje alilirudisha bila kugusa hata boksi. Hajji akaitikia kwa kichwa tu. Wakati huo adhana ikasikika, na Hajji akasema, "Twende tuswali kwanza. Maneno mengine baadaye."

Walipanda ghorofani, stoo, ambako kulikuwa na mikeka kati ya katoni za sabuni. Faridah, mshika fedha wa duka, alibaki chini kulinda; yeye huswali wanaume wakishuka. Hajji akasimama mbele. Nyuma yake wakasimama watu wawili tu: Siraje, na Mzee Muhamadi, mtunza stoo, ambaye masikio yake yalikwisha zamani na ambaye huinama akiona wengine wameinama.

Swala ya adhuhuri ina rakaa nne, na husomwa kimya. Hajji aliswalisha taratibu. Rakaa mbili zikapita, wakakaa kikao cha kati, wakainuka. Wakamaliza ya tatu. Na hapo, badala ya kusimama kwa ya nne, Hajji akakaa, akatulia kama mtu aliyefika.

Siraje alikuwa tayari anainuka. Goti lake moja lilikuwa limeshaacha mkeka.

Kila Mwislamu aliyepita madrasa anajua la kufanya hapo. Imamu akisahau, aliye nyuma husema "Subhanallah" kwa sauti, basi. Imamu husikia, huinuka, humalizia, na mwisho wote husujudu sijda mbili za kusahau. Hakuna anayeudhika. Si kumvunjia mtu heshima. Ni wajibu wa aliye nyuma, na imamu anautegemea. Siraje mwenyewe alikwisha lisema neno hilo nyuma ya masheikh wakubwa kuliko Hajji Yasiin, na alilisema kwa raha.

Alifungua kinywa. Akamwona Safinah akimnyooshea kola. Akaona lori chini, rangi yake ya bluu, usukani uliovishwa ngozi. Akakumbuka saruji. Akajiambia, pengine mimi ndiye niliyehesabu vibaya. Lakini alijua hakuhesabu vibaya.

Akalirudisha goti mkekani.

Hajji akatoa salamu kuliani na kushotoni, na Siraje naye akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto, akitoa salamu kwenye swala aliyojua haijaisha.

Kisha Hajji akageuka akamtazama, uso umeng'aa. "Mwanangu," akasema, "kuendesha wengi wanajua. Mimi nilikuwa nataka kukuona hapa. Mtu anayesimama vizuri mbele ya Mungu hawezi kunificha kitu. Njoo kesho asubuhi uanze."

"Ahsante, Hajji," akasema Siraje. Masikio yake yalikuwa ya moto.

Chini mlangoni, kiongozi wa wachukuzi, Ocira, Mkatoliki mwenye tumbo na kicheko, alikuwa amekaa juu ya gunia la sukari akila muhogo. "Dereva," akasema, "leo mmeshuka mapema. Kawaida namaliza muhogo wangu wote. Leo bado nusu. Mungu wenu amewapa punguzo?"

Wachukuzi wakacheka. Siraje naye akacheka, akaona kwamba anaweza kucheka, na hilo likamuumiza zaidi.

Angeweza kurudi juu wakati ule. Katoni za sabuni zilikuwa palepale, mikeka ilikuwa bado imetandikwa. Alisimama, akatazama ngazi, akasikia sauti ya Hajji ikimwambia Faridah habari njema, "Nimepata mtu." Akaondoka.

Alikwenda kwa miguu. Alipofika Katwe, akaingia msikiti mdogo wa mafundi vyuma, akatawadha, akaiswali adhuhuri upya, peke yake, rakaa nne kamili. Alidhani atatoka amepumua. Alipokuwa akivaa viatu ndipo jambo lenyewe lilipomkalia vizuri: yeye amejiponya, na wale wawili amewaacha na swala pungufu. Mzee Muhamadi na magoti yake mabovu, ambaye kuinama kwake ni jasho. Na Hajji, anayemwombea marehemu mkewe baada ya kila swala. Alijisikia kama mtu aliyekula chakula akakikuta kimeharibika, akaenda kutapika nje bila kuwaambia waliobaki mezani.

Safinah alimwona akipanda mlima, akaisoma habari katika mwendo wake, au alidhani ameisoma. "Amekukataa."

"Amenichukua. Naanza kesho."

Safinah akaweka mwiko chini, akafunika uso kwa kanga, akasema alhamdulillah mara nyingi. Jirani yake, Lamwaka, mke wa polisi, akapiga kigelegele kutoka upande wa pili wa uzio kabla hata hajaambiwa ni cha nini.

Siraje hakumwambia Safinah habari ya swala mpaka walipomaliza kula. Safinah alisikiliza, sahani mkononi. Halafu akasema, "Kwa nini umeniambia?"

"Nimwambie nani?"

"Ulikuwa na mzigo wako, sasa tunao wawili. Nilikuomba unyamaze kwa Hajji, hukunyamaza kwangu." Akazisukuma sahani kando. "Mungu anamsamehe aliyesahau. Hilo hata mtoto anajua. Hajji amesahau, mzee amemfuata, wamesamehewa. Jambo dogo. Lala."

"Hajji alisahau," akasema Siraje. "Mimi sikusahau."

Safinah aliondoa vyombo, akaviosha kwa kelele kuliko vilivyohitaji. Lakini asubuhi Siraje alipovaa, alimkuta tayari amemfungia chapati, na hakumwagiza lolote kuhusu maneno.

Hajji Yasiin alikuwa akifungua duka. Faridah alikuwa akifuta meza yake. Siraje hakutaka kukaa. Alisema wima, macho kwenye sakafu, "Hajji, jana adhuhuri tuliswali tatu."

Hajji akasimama na kufuli mkononi. "Tatu?"

"Tatu."

"Umejuaje? Umekumbuka nyumbani?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea, na Hajji mwenyewe ndiye aliyeufungua, bila kujua. Angesema ndiyo, nilikumbuka nyumbani, na kila kitu kingekuwa sawa.

"Nilijua pale pale, Hajji. Nilikuwa nainuka."

"Ukaona mimi nimekaa."

"Nikakaa."

"Na salamu ukatoa."

"Nikatoa."

Hajji hakupandisha sauti. Aliliweka kufuli mezani polepole. "Nami nikakusifu," akasema, karibu kama anajiambia. "Niliogopwa hivyo? Kwa sabuni?" Kisha akamwita Mzee Muhamadi kwa mkono, wakapanda juu, mmoja amemshika mwingine, kwenda kuilipa swala ya jana. Siraje aliwasikia wakipanda ngazi moja moja. Hakuna aliyemwambia akae wala aondoke.

Alikaa nje kwenye magunia asubuhi nzima. Lori la bluu lilikuwa limesimama na mzigo wake. Ocira alimpitia kila mara na katoni begani.

"Dereva, umekuwa mlinzi?"

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Sijui."

"Basi kaa pembeni kidogo, hapo unapongojea ndipo tunapopita." Lakini aliporudi, alimkatia kipande cha muhogo, akamwekea mkononi bila utani.

Adhuhuri ilipoingia, Hajji alitoka mlangoni. Akamwachia Ocira duka, akamwita Faridah naye apande. Juu, mikeka ikiwa imetandikwa, Siraje alijipanga nyuma, mahali pa jana. Hajji akamshika bega, akamsogeza mbele.

"Leo utaswalisha wewe."

"Hajji, mimi sistahili."

"Sijakuuliza."

Siraje akafunga swala. Tangu hapo hakujua anasoma nini. Alihisi macho ya Hajji mgongoni, akamsikia Mzee Muhamadi akihema, akajiuliza anaadhibiwa au anasamehewa, na kama anasamehewa mbona kunauma hivi. Akainama, akainuka, akasujudu. Akiwa bado katika mawazo hayo, akakaa, akaanza kusoma kikao cha mwisho.

Kofi likalia nyuma yake.

Mwanamke akiwa nyuma ya imamu hasemi Subhanallah. Hupiga kiganja juu ya mgongo wa mkono. Faridah alipiga kofi moja, kavu, lililogonga katoni na kurudi. Hakungoja aone kama Hajji atasema. Siraje akashtuka, akahesabu, ilikuwa tatu. Akainuka. Wote wakainuka pamoja naye. Akamaliza ya nne, akasujudu sijda mbili za kusahau, na paji la uso likiwa mkekani akalia kidogo, kwa kuwa pale hakuna aliyeweza kumwona.

Baada ya salamu, Hajji alivuta tasbihi yake mpaka alipomaliza. Kisha akasema, "Mzigo wa Luzira umechelewa. Ufunguo uko kwa Faridah."

Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, kusimama mbele ya meza ya binti yule na kunyoosha mkono.

"Ahsante," akasema Siraje.

"Ya nini?" Faridah akauliza, akautafuta ufunguo kwenye droo. "Ulikuwa umesahau."

Alimwendeshea Hajji Yasiin mpaka mzee alipofariki, kisha akawaendeshea wanawe. Aliendelea kuwasahihisha watu, lakini kwa sauti ya chini, na kila mara alikuwa na haya kidogo kabla ya kuanza. Mwaka huu ugonjwa ulipomshika, akawa anaswali kwenye kiti, na hesabu ikaanza kumpotea. Alimwomba Safinah akae nyuma yake kwenye mkeka. "Nikisahau, piga," alimwambia. "Usinionee haya, Mama Sumayiya. Usinionee huruma."

Safinah alipiga. Siku nyingine alipiga mara mbili katika swala moja, machozi yakimtoka, na kila alipopiga, Siraje alinyoosha mgongo pale kitini na kuanza rakaa iliyobaki.