Pasi Haipigwi kwa Kukaa

Wifi yangu hajui kukaa. Sisemi hivi kwa kumwonea, maana nimeishi naye nyumba moja tangu kaka yangu alipomwoa, na kaka alipofariki tukabaki sisi wawili na kamba za nguo. Akinywa chai, anainywa akielekea mahali. Akipiga stori, anafagia. Hata msibani hukaa kidogo tu, kisha utamwona yuko mlangoni, anakunja na kukunjua ncha ya mtandio wake. Wapo watu wametulia kama maji ya mtungini. Kwa wifi yangu, mtungi wenyewe unatikisika.

Sisi ni madobi. Mimi nafua, yeye anapiga pasi. Ua wa nyuma ni wangu, na mabeseni yangu, na kelele zangu. Chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani ni chake. Mtaa mzima unamwita Mistari kwa sababu ya mstari anaoutia kwenye suruali. Mlinzi wa benki, mteja wetu wa siku nyingi, husema akivaa suruali iliyotoka kwa Mistari anaogopa kuchuchumaa asije akajikata. Wifi husikia sifa hizo akajifanya hasikii, lakini siku hiyo hupiga pasi mpaka matambara ya kudekia.

Baridi yabisi ilimwanzia vidoleni. Asubuhi anaamka navyo vimevimba, vimekakamaa, havikunjiki wala havinyooki mpaka jua lipande. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu wifi yangu ukimuuliza jambo asilolitaka anakujibu kwa kukupa kazi. Shati moja likawa linamchukua muda wa mashati mawili. Akawa anashika pasi kwa mikono yote miwili, kisha akigundua namtazama anauachia mmoja, anajifanya anajikuna. Alijikaza kisabuni, na sisi madobi tunajua sabuni inavyoishia.

"Wifi," nikamwambia siku moja, "mficha maradhi, kilio humfichua."

"Na wewe mpenda maneno, humfichua nini?"

"Twende hospitali."

"Niende na nani? Nguo zitajifua?"

"Tutakwenda wote. Kidole kimoja hakivunji chawa. Vyako hata vikiwa kumi havivunji."

Alicheka, akanyanyua mkono anipige kofi la utani, akakunja uso katikati ya njia na mkono ukabaki hewani. Hapo nikajua maji yamezidi unga.

Hospitalini alipewa dawa, kisha akapelekwa kwa mtaalamu wa viungo, dada mmoja mpole aliyemwambia amwonyeshe anavyopiga pasi. Wifi akapiga pasi ya hewani pale ofisini, kola, mikono, mgongo, kwa bidii kama anayelipwa. Yule dada akamtazama mpaka mwisho. Akamwambia asiibane pasi kwa vidole, aisukume kwa kiganja, nguvu itoke kwenye kiwiko na bega. Atafute pasi nyepesi, na mpini wake uviringishwe kitu uwe mnene, maana mpini mwembamba ndio unaodai vidole vikunjwe sana. Nguo zisikauke kabisa. Apumzike kabla maumivu hayajamlazimisha. Asubuhi aloweke mikono kwenye maji ya vuguvugu. Wifi aliitikia kila neno.

"Na upige pasi ukiwa umekaa," dada akamalizia.

Wifi akachukua mkoba wake, akaaga.

Njia nzima alikuwa mbele yangu, anatembea kama anayefukuzwa. "Nikae! Pasi haipigwi kwa kukaa!" Nilimwelewa, ingawa nilimkasirikia. Usichana wake aliumalizia kwenye chumba cha pasi cha hoteli moja, na huko msimamizi alikuwa akipita nyuma yao na rula ya mbao. Anayeegemea meza anachapwa kiunoni, anayekaa anarudishwa kwao. Kwa wifi yangu, mpiga pasi aliyekaa ni mtu aliyekwisha kufukuzwa.

Jambo hili lingeendelea hivyo hivyo tukigombana polepole, kama si mwanawe. Anafanya kazi mji mwingine, ana mke na nyumba nzuri. Alikuja kutusalimu, akamwona mama yake ananyanyua kikombe kwa viganja viwili, vidole vimeachwa nje havigusi kitu. Aliporudi kwake ndipo akapiga simu.

"Mama, mwisho wa mwezi nakuja kukuchukua. Chumba chako kipo tayari. Umefanya kazi vya kutosha."

"Kunichukua nina nini? Mimi mzima, mwanangu, mzima kabisa."

"Nakuja na pikapu, tubebe na kitanda."

Alipokata simu, wifi alizunguka meza ya pasi. Akaenda uani, akarudi, akaenda tena. Kule kwa mwanawe kuna mashine ya kufulia, kuna msichana wa kazi, kuna makochi. Wangempenda, sina shaka. Wangemkalisha kwenye kochi moja, kila akinyanyuka waambizane "mwacheni bibi apumzike", na kwa jinsi ninavyomjua, angekwisha kabla kochi halijachakaa. Niliogopa. Niliogopa kwa ajili yake, na kwa ajili yangu pia, maana ua bila mtu wa kugombana naye ni mabeseni matupu.

"Sikia," nikamwambia. "Akija akakuta kazi inakwenda, atakuchukuaje? Lakini itabidi ukae."

Akachukua ufagio, akaanza kufagia chini ya meza. Nikahesabu hilo kuwa ni ndiyo.

Kesho yake alipokwenda kuchukua dawa, nikamwita fundi seremala aikate miguu ya meza. Fundi akauliza aipime kwa nani. Nikamwambia anipime mimi, kana kwamba sijui kuwa mimi ni mfupi na wifi yangu ni mlingoti. Akanikalisha kwenye stuli, akapima, akakata, akaondoka na vipande kwa ajili ya kuni. Wifi aliporudi akakaa kwa mara ya kwanza, kwa shingo upande, na magoti yakagonga meza.

"Umeikata meza yangu!"

"Nimeishusha."

"Umeishusha mpaka kaburini!"

Tukaipandisha kwa matofali, moja kila mguu, huku tukitukanana vizuri. Nikamnunulia pasi nyepesi. Akaipima mkononi, akasema ni kijiko chenye waya, na akaendelea kuifuta vumbi ile pasi yake ya zamani, nzito, aliyonunuliwa na kaka yangu. Mpini wa ile nyepesi nikauviringisha kitambaa kinene, nikakishona kisicheze. Uani nami nikabadili mwendo. Nikawa nakung'uta kila shati kwa nguvu kabla ya kulianika, nanyoosha kola na vifungo kwa mkono likiwa bado bichi, naianua nguo ikiwa na unyevu na kuiviringisha ndani ya taulo. Shati likimfikia linakuwa limeshanyooka nusu, yeye anamalizia tu.

Kukaa ndiko kulikomshinda. Alikaa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kola moja, ananyanyuka. Mkono mmoja, anakwenda dirishani. Mteja akitokea mlangoni, anaruka kutoka kwenye stuli kama aliyefumaniwa. Lakini siku mvua iliponyesha mchana kutwa na hakuna aliyekuja, nilichungulia nikamkuta amekaa, kiwiko kinakwenda na kurudi, vidole vimelegea juu ya mpini. Suruali ya mlinzi wa benki ilikuwa mbele yake, na mstari ulikuwa ule ule. Nikarudi uani kabla hajaniona.

Mwisho wa mwezi ukafika, siku ya Jumamosi. Tangu asubuhi hatukuwa na amani. Mimi nilifua nguo zilizokwisha kufuliwa. Wifi alikwenda dirishani kwa kila gari lililopita, hata la takataka. Mara pikapu ikasimama mbele ya nyumba, tupu nyuma, na kamba za kufungia kitanda zikiwa zimekunjwa tayari. Zile kamba ndizo zilizonikata maini.

Kijana akaingia, akatuamkia, akakaa kwenye kiti cha wateja. Akaiona meza, matofali, stuli, pasi nyepesi. Uso wake ukaanza kulegea. Nikajisemea moyoni, sasa wifi, kaa tu, umwonyeshe.

Wifi akaisukuma stuli chini ya meza kwa mguu.

"Vua shati hilo," akamwambia mwanawe. "Unatembea na mikunjo kama uliokotwa."

Akatoa pasi ya zamani, ile nzito, akaichomeka. Nilimkonyeza, nikakohoa, nikamkanyaga mguu. Wapi. Alisimama bila kuegemea, tena kwa meza iliyoshushwa ambayo sasa ilimlazimisha kuinama kama anayepalilia. Akaanza. Kola ikapendeza. Mkono wa kwanza ukapendeza. Kijana amebaki na fulana, anatazama, na mimi nimeshika ukingo wa mlango.

Alipofika mgongoni, pasi ikasimama.

Nilidhani anapumzika. Kisha nikaona bega linavuta na mkono hauji. Vidole vilikuwa vimejifunga kwenye mpini mwembamba, havifunguki, na kuinyanyua pasi yenyewe hana nguvu. Hakupiga kelele. Hakuniita, nami nilikuwa hatua moja tu kutoka kwake! Harufu ndiyo iliyosema. Niliruka nikaidaka pasi na mkono wake kwa pamoja, nikavinyanyua vyote, kisha nikamfungua kidole kimoja kimoja. Kwenye mgongo wa shati palikuwa na alama ya pasi, kahawia, kamili mpaka ncha.

"Umeme wa leo mkali," alisema wifi.

Mwanawe hakulitazama shati. "Mama, vidole vilikwama."

"Havikukwama. Niliduwaa tu."

"Nimeona, mama. Shangazi naye ameona."

Niliichomoa ile pasi ukutani, nikaiweka sakafuni.

"Unadhani nimekuja kukuchukua kwa sababu ya vidole?" akaendelea. "Huku vingeuma na kule vingeuma. Nimekuja kwa sababu kila nikikuuliza unaniambia mzima. Mimi niko mbali, sina macho ya kukuona. Nina maneno yako tu, na maneno yako siyaamini. Ungeweza kuungua humu ndani, ukanipigia simu ukaniambia umeme ni mkali."

Wifi akazunguka meza. Akashika pazia, akaliachia. Akaenda mpaka mlango wa uani, akarudi, na ndipo maneno yakaanza kumtoka, akiwa anatembea, bila kumtazama yeyote.

"Asubuhi siwezi kushika kijiko. Vifungo vya gauni nafunga usiku kabisa, nalala nalo. Chupi naivuta kwa kidole gumba. Kuna siku nilikaa chooni nikalia kwa sababu ya bomba tu, bomba la maji, lilikataa kufunguka. Ikinyesha naumwa mpaka meno. Ukitaka kweli ndiyo hiyo. Na ukinipeleka kule ukanikalisha nisifanye kitu, vitauma hivyo hivyo na mimi nitakufa kwa uchungu wa moyo. Nayo ni kweli. Sasa niambie unataka ipi."

Kijana alikuwa ameshika uso wake kwa mikono. "Nataka zote," akasema.

Wifi akaivuta stuli kwa mguu, akakaa. Akakaa mbele ya mtu. Akavuta suruali yenye unyevu kutoka kwenye taulo, akachukua pasi nyepesi, akaanza kuisukuma kwa kiganja, polepole, kiwiko kinakwenda na kurudi. Alipochoka aliiweka wima, akatikisa mikono, akasema "ngoja kwanza" kwa sauti ya kawaida, kisha akaendelea. Suruali moja ilichukua muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha.

Jioni kijana alilivaa shati lake lenye alama. Akasema kazini atawaambia mama amempiga muhuri.

"Pikapu nairudisha tupu," alimwambia mama yake akiwa ameshika usukani. "Lakini siku nikikupigia ukaniambia uko mzima kabisa, siku hiyo hiyo nakuja nayo."

Tulisimama mlangoni mpaka alipokata kona. Nilimtarajia wifi aingie ndani kwa kishindo, aanze kufagia, anilaumu kwa meza, kwa fundi, kwa kuzaliwa. Aliingia taratibu, akakaa kitandani kwake, akalichukua kopo la dawa ya kuchua. Kopo hilo huwa analifungua kwa kulibana kwenye bawaba za mlango, nami huwa najifanya siusikii mlango.

"Wifi," akaita, "nifungulie hili. Siwezi."

Nilitafuta neno la kumchokoza, maana ndiyo kazi ya mawifi, na nilikuwa nayo mengi. Nikakaa karibu yake, nikamfungulia.