Fundi Cheche na Kidude cha Kifuani

Shemeji yangu, aliyemwoa mdogo wangu, mtaa mzima unamwita Fundi Cheche. Miaka thelathini anachomelea mageti, na kichwa chake nacho kimegeuka chuma. Moyo wake uliposhindwa kusukuma damu vizuri, miguu ikavimba, akawa akienda chooni tu anarudi anahema. Madaktari wakampasua, wakamwekea kidude chini ya ngozi, karibu na bega la kushoto, nyaya zake zikashuka hadi moyoni. Kinausaidia moyo udunde, na ukienda mrama kinaupiga shoti. Daktari akamwambia taratibu, kama anayemfundisha mtoto, asiishike tena mashine ya kuchomelea, maana umeme wake utakivuruga kidude.

Basi bwana mkubwa akatuapia kwamba karakana anakwenda kukaa kitini na kutoa maelekezo tu. Tukamwamini, wajinga sisi. Kumbe alishajitungia sayansi yake: akivaa buti za mpira, umeme haumpati. Na ule waya mnene wa mashine akautundika bega la kushoto kama alivyozoea, ukapita juu ya kidude chenyewe. Mtu mzima na mvi zake!

Mwezi ule alianguka mara tatu. Kila mara alimwambia mkewe kajikwaa. Nikamuuliza anajikwaaje mtu aliyekaa kitini. Akaninunia wiki nzima.

Siku ya kliniki tulikwenda naye. Nesi akamwekea kifuani kifaa cha kukisoma kidude, kompyuta ikamwaga kila kitu: shoti tatu, tarehe na saa, zote saa za kazi. Kidude kilidhani umeme wa mashine ni moyo uliopagawa, kikampiga bure. Nesi akasema siku nyingine kinaweza kukaa kimya moyo ukikihitaji. Shemeji akadai kidude ni kibovu. Angepewa bisibisi, angekirekebisha mwenyewe!

Mdogo wangu hakupandisha sauti.

"Sitakuwa mjane kwa ajili ya geti la watu," alisema.

Kesho yake, kule karakana, alitoa kiti nje, mbali na mashine, akamkalisha mumewe. Kisha akavaa kinyago cha mumewe cha kuchomelea. Miaka yote hiyo alikuwa akimshikia vyuma, na mikono yake ilishajifunza. Akachomelea geti lililobaki.

Fundi Cheche akapiga kelele kwamba mshono umepinda. Nikaenda kuutazama. Ulikuwa umenyooka kuliko yake yote. Nilipogeuka, machozi yalikuwa yanamtoka, akasema ni moshi. Moshi ulikuwa unakwenda upande wa pili.